Kuni za Januari, Baridi ya Julai

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya kale ya Limuru, akipita Ruaka na Banana hata akafika Tigoni, huiona nchi ikigeuka kidogo kidogo. Nyumba za ghorofa hupungua, udongo huzidi wekundu, kisha mashamba ya chai hutandaa pande zote mbili za barabara, yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Akizidi kupanda, akaiacha stesheni ya Limuru nyuma yake na kuelekea Uplands na Lari, huwa amekwisha kupita futi 7,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo, hata mwezi wa Januari jua likiwa kali, kivuli cha mti kina baridi yake.

Katika nchi hiyo, kitu ambacho mgeni hukiona mbele ya nyumba nyingi kabla hajabisha hodi ni kuni. Zimepangwa kando ya ukuta wa jikoni, chini ya upenu, kipande juu ya kipande, mpaka kimo cha kifua cha mtu, na juu yake yamelazwa mabati makuukuu yaliyogandamizwa kwa mawe. Mgeni aweza kudhani ni pambo. Mwenyeji huzitazama kama mkulima aitazamavyo ghala yake: akiona unene wa kuni, rangi ya ncha zake na mahali zilipowekwa, hujua nyumba ile itaupita mwezi wa Julai namna gani.

Maana Julai ya Limuru na Lari si jambo la mchezo. Mvua ndefu za Machi mpaka Mei zikiisha, haliji jua, huja ukungu. Huteremka asubuhi, hukaa juu ya viazi na kabichi hata saa sita, na siku nyingine hauondoki kabisa. Nguo iliyoanikwa Jumatatu huguswa Alhamisi ikawa bado mbichi. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watoto wakirudi kutoka shule hawaendi sebuleni, huenda jikoni, na kila mmoja hutafuta nafasi karibu na moto. Tena chakula cha huko ni githeri, na mahindi makavu pamoja na maharagwe hayaivi kwa dakika ishirini. Mtungi wa gesi upo katika nyumba nyingi, nao ni mzuri kwa chai ya asubuhi, lakini mwenye nyumba hupiga hesabu kabla ya kuuweka chini ya sufuria ya githeri. Mwaka 2021 gesi ilipotozwa tena kodi ya asilimia 16, hesabu hiyo ikawa ngumu zaidi. Kodi ikapunguzwa mwaka uliofuata, na ikaondolewa mwaka 2023, lakini mazoea ya kuhesabu hayakuondoka nayo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote za Kenya zilikuwa zikipikia kuni.

Miti ipasuliwayo huko, mingi si ya asili ya nchi ile. Zamani milima hiyo ilifunikwa na mitarakwa na mizeituni ya mwitu ambayo Wakikuyu huiita mitamaiyo. Reli kutoka Mombasa ilipofika Limuru mwaka 1899, magari yake ya moshi yalikula kuni, nayo yalikula nyingi kuliko kijiji kizima. Ndipo mwaka 1902 mikaratusi ikaanza kuletwa kutoka Australia, mti umeao upesi, ipandwe kwa ajili ya matanuri ya garimoshi. Miwati nayo, asili yake Australia hiyo hiyo, ilifuata karibu na wakati ule. Magome ya muwati yalinunuliwa na viwanda vya Thika na Eldoret kwa ajili ya dawa ya kutengenezea ngozi, na mti uliobaki uchi ukawa kuni au makaa. Mkulima alivuna mara mbili katika mti mmoja. Garimoshi za kuni zimekwisha zamani, na biashara ya magome imefifia, lakini miti yenyewe haikwenda popote.

Katika boma moja la Lari, lenye shamba dogo la viazi na mipea michache, mzee mwenye boma, ambaye sasa ni marehemu, alipanda mikaratusi kumi na sita mpakani. Hesabu yake ilikuwa hii: kila mwaka iangushwe miwili. Mkaratusi ukikatwa haufi. Kisiki chake huchipuka, na mwenye akili huyapunguza machipukizi akaacha mawili au matatu yaliyo na nguvu. Ikifika zamu ya miti miwili ya mwisho, katika mwaka wa nane, ile ya kwanza huwa imekwisha kuwa miti tena. Hesabu hiyo haikuandikwa mahali popote, lakini mkewe aliishika, na baada ya mumewe kufa akaendelea nayo. Matawi ya mgrivea yapogolewayo shambani hutosha moto wa siku za kawaida. Mikaratusi miwili ni ya baridi.

Mwaka mmoja tu hesabu iliharibika. Hapakuwa na kijana nyumbani mwezi wa Januari, Februari ikapita kwa ugonjwa wa ng'ombe, na miti ikaangushwa mwezi wa Aprili, mvua ikiwa inanyesha. Ilipasuliwa mwezi wa Mei, ikarundikwa mbichi, ikafunikwa kwa karatasi ya nailoni mpaka chini. Lilikuwa kosa juu ya kosa. Nailoni ilizuia mvua, ni kweli, lakini ilizuia na upepo pia, na rundo likaota ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Julai ilipokuja, kuni zile zilitoa povu kwenye ncha, zikalia, zikatoa moshi usiopanda wala kutoka. Yule mama mzee alipika macho yakimtiririka machozi, kikohozi kikamshika kifuani, na baada ya majuma mawili wanawe wakampeleka zahanati. Mwisho wa mambo nyumba yenye miti kumi na sita mpakani ilinunua kuni za watu.

Kwa hiyo Januari iliyofuata haikuchezewa. Mjukuu wake mkubwa alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, akingoja matokeo ya mtihani na hana kazi nyingine. Kwa desturi ya Wakikuyu mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo bibi humtania kwa kumwita mume wake. Kijana huyu alirithi jina, na siku ile akakabidhiwa na shoka.

Kuangusha miti kulifanywa na fundi wa msumeno wa injini aliyekodiwa. Alimaliza kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa chai yake, akaenda zake. Kazi iliyobaki ni ya mikono. Kwanza magogo yakatwe vipande vya urefu mmoja. Kipimo kilikuwa kijiti cha futi moja na nusu, kilichofungwa utambaa mwekundu kisipotee katika majani, kwa kuwa kuni ndefu kuliko hiyo hutokeza nje ya jiko na kuchomeka nusu. Gogo huinuliwa juu ya gogo jingine, ili msumeno usiguse udongo ukapoteza meno yake. Msumeno wenyewe huvutwa na watu wawili, na sheria yake ni moja: kila mmoja avute, asisukume. Asukumaye huupinda ubapa, mwenzake akadhani mti ni mgumu, kumbe mgumu ni yeye. Kijana na binamu yake waligombana siku nzima ya kwanza kabla ya kuijua sheria hiyo.

"Cucu, haraka hii ni ya nini?" kijana aliuliza siku ya tatu, mikono ikiwa imetoka malengelenge. "Mvua si ya Machi?"

"Mvua ni ya Machi, mume wangu," bibi akajibu, "lakini mti ni wa leo. Uuache mpaka mwisho wa mwezi, utakugeukia chuma."

Alisema kweli. Muwati una nyuzi zilizonyooka, hupasuka vizuri hata ukiwa umekauka. Mgrivea ni laini. Mkaratusi nyuzi zake hujisokota kama kamba, na usipopasuliwa ungali una maji, hufunga, shoka likadunda juu yake. Tena mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo hayatoki kwa urahisi katika gome. Hutoka nchani na katika uso uliopasuliwa. Gogo zima laweza kulala nje mwaka mzima, likaonekana kavu, na ndani bado lina maji. Gogo hilo hilo likipasuliwa vipande vinne au sita, jua na upepo wa miezi michache hulimaliza. Ndiyo maana watu wa huko hawahesabu kuni kuwa kuni mpaka zimepasuliwa.

Shoka la kupasulia si lile la kuangushia. La kuangushia ni jembamba na kali, huingia ndani ya mti na kukata. La kupasulia ni nene mashavuni, nalo kazi yake ni kutenganisha. La boma lile lilifuliwa na wahunzi wa jua kali kutoka katika springi ya lori, na mpini wake ni mtamaiyo, mti usiovunjika upesi. Usiku kabla ya kazi lilitiwa kichwa chini katika ndoo ya maji, mpini uvimbe na kushika. Jambo hili hupuuzwa na vijana wengi, na kichwa cha shoka kikiruka hakichagui pa kuangukia.

Kijana alianza kama waanzavyo wote. Aliweka kipande kinene juu ya kigogo, akainua shoka kwa nguvu zake zote, akapiga katikati. Shoka likazama inchi mbili, likakwama. Alilikwanyua kwa dakika nyingi, akapiga tena pale pale, likakwama tena. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni, akipukuchua maharagwe. Bega lake halimruhusu tena kuinua shoka, lakini ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote.

"Unapigana nacho," alisema. "Hakijakukosea. Kitazame kwanza."

Kutazama ndiyo nusu ya kazi. Kila kipande kina uso, na katika uso huo mna nyufa ndogo zilizoanzia kiini kwenda nje. Hapo mti umekwisha kuonyesha unapotaka kupasukia. Mpasuaji huufuata ufa, wala hauvuki. Kipande kinene hakianzwi katikati. Huanzwa ukingoni, kikamenywa upande mmoja kisha mwingine, kama mtu apunguzaye unene wa ukuta, mpaka kibaki kiini chembamba ambacho pigo moja hukimaliza. Penye kifundo cha tawi pasipigwe juu yake, hupigwa kando. Na kile kipande cha panda, mahali mti ulipogawanyika mara mbili, nyuzi zake zimefumana kama mkeka, hakuna ujuzi unaokishinda. Hicho hutiwa kabari ya chuma na nyundo, au huachwa kilivyo, kikatengwa kwa ajili ya siku ya githeri nyingi, maana huwaka polepole tangu mchana mpaka usiku.

Namna ya kusimama nayo si jambo dogo. Kigogo cha kupasulia kiwe kifupi, chini ya goti, ili shoka likikosea liingie katika kigogo au udongo, si katika muundi wa mguu. Miguu itanuliwe. Jicho likae mahali shoka litakapoangukia, wala lisilifuate shoka lenyewe. Shoka likishafika juu, mikono hailisukumi. Huliongoza tu, na uzito wake ndio unaofanya kazi. Jambo hilo halifundishiki kwa maneno. Kijana aliambiwa siku ya kwanza, akalielewa siku ya tano, na siku hiyo sauti ilibadilika. Mtu aliyekuwa akipita barabarani angeweza kuisikia: badala ya kishindo kizito, mlio mfupi, kisha vipande viwili vikianguka, kimoja huku na kimoja huko. Bibi hakusema neno. Aliacha tu kutazama.

Yeye alizijua kuni kwa njia nyingine. Katika ujana wake wanaume waliangusha miti, na kuni zilikuwa kazi ya wanawake: kuzitafuta, kuzikata, kuzifunga tita na kulibeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi uitwao mukwa, upitao juu ya paji la uso. Wanawake wengi wa umri wake wangali na bonde dogo juu ya paji, alama ya ukanda huo. Shida hiyo ndiyo aliyoisikia Profesa Wangari Maathai kwa wanawake wa mashambani, kwamba kuni zimekwenda mbali, alipoanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Misitu ya serikali iliyo karibu, Kinale na Kereita, haikuwa tena mahali pa kuingia na shoka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilivitambua vyama vya wenyeji, na mwenye kulipa ada huokota matawi makavu yaliyoanguka. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulikatazwa kwa siku 90, siku hizo zikazaa miaka, na mwaka 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa katazo hilo. Katika miaka hiyo yote, mwenye mti mpakani mwake alimshukuru aliyeupanda.

Kupasua kulikwisha katika juma la pili la Februari. Kulibaki kupanga, kazi ambayo watu huidharau kwa kuwa haina kelele. Nguzo mbili ndefu zililazwa chini kando ya ukuta, ili kuni zisiguse udongo zikavuta unyevu na kuwakaribisha mchwa. Ncha zote mbili za safu zilijengwa kwa kupishanisha, vitatu hivi, vitatu vile, kama nguzo, zishikilie katikati. Katikati vipande vililazwa vikielekea upande mmoja, si kwa kubanwa. Pabaki nafasi ya panya kupita, wenyeji husema, lakini si ya paka kumfuata. Safu iliachwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, upepo upite nyuma. Mabati yalifunika juu tu. Ubavuni hapakufunikwa chochote, maana nailoni ya mwaka ule haikusahauliwa.

Palitokea ubishi juu ya gome, likae juu au likae chini. Binamu alisema chini, ili maji yaliyo ndani yapande na kutoka. Bibi alisema juu, kwa kuwa gome ni koti la mti na mvua huteleza juu yake. Ubishi huu si wa Lari peke yake. Huko Norway, nchi ya theluji, kitabu cha Lars Mytting juu ya kuni kilichotoka mwaka 2011 kilipendwa mno, na mwaka 2013 televisheni ya taifa ikatoa kipindi cha saa 12 cha kuni na moto. Watazamaji wengi wakaleta malalamiko, wengine kwamba gome lilielekezwa juu, wengine kwamba lilielekezwa chini. Chini ya bati zima haidhuru lipi. Hata hivyo gome la boma lile lilielekea juu, kwa kuwa boma lina mwenyewe.

Vibanzi havikutupwa. Vilikusanywa katika gunia, kwa kuwashia moto. Na vipande vyembamba kabisa vilipelekwa jikoni, vikapandishwa juu ya itara, dari ya fito iliyo juu ya meko, mahali ambapo jikoni za Wakikuyu zimekausha kuni tangu zamani. Jiko la boma ni lile liitwalo Maendeleo, la udongo uliochomwa, lililoenea mashambani miaka ya 1980 kwa jitihada za chama cha Maendeleo ya Wanawake. Mlango wake ni mdogo. Kuni nene haziingii, na zilizo mbichi hulizima. Jiko zuri halimsaidii asiyepasua. Kuhusu moshi, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni. Kuni kavu hazimalizi hatari hiyo, lakini mtu aliyekaa jikoni mwa Lari mwezi wa Julai hahitaji kufundishwa tofauti ya moshi mwembamba na moshi mzito.

Mvua zilikuja mwisho wa Machi, zikapiga mabati, zikapita. Katika Aprili ncha za kuni zilianza kufanya nyufa kama miale ya nyota, na rangi ya njano ikageuka kijivu. Kijana alipata matokeo yake, akaenda mjini kutafuta chuo. Juni ukungu ukateremka.

Asubuhi moja ya Julai, saa kumi na mbili, bibi alitoka na tochi, akavuta vipande viwili mwanzo wa safu, akavigonganisha. Kuni mbichi hutoa mlio wa kufifia, kama mtu agongaye gunia. Hizi zililia kama vigae. Aliingia, akaweka vibanzi, kisha kipande kimoja chembamba, kisha cha pili, na moto ukashika kabla hajamaliza kujaza sufuria.

Jua halijaonekana bado, mtoto wa jirani alikuwa amekwisha fika mlangoni, ametumwa na mama yake kuomba kuni, kwa kuwa zao zilikatwa Mei. Bibi alimpa vipande vinne na kibanzi cha kuwashia, akamwambia arudishe lile bati mahali pake na jiwe juu yake.